Ati "ni kavideo kadogo tu"

Kwenye kazi yangu ya kuhariri video za sherehe, hakuna maneno yanayonichosha kama "ni kavideo kadogo tu, nipunguzie bei." Kadogo kwa nani? Mteja analeta picha 200, nusu zimepita WhatsApp hadi zimeingia ukungu, na anataka zote zienee kwenye wimbo mmoja wa dakika 4. Piga hesabu: kila picha ikikaa sekunde 5, hizo ni dakika 16 na ushee. Tuzichuje? Hataki, shangazi atanuna.

Halafu bei anaipima kwa urefu wa video! Kumbe kufupisha ndiko kunakokula usiku: kutazama sherehe yote, kukata hotuba, kusawazisha sauti na rangi, kisha kusubiri kompyuta itoe faili. Na hiyo "badilisha wimbo tu" maana yake ni kupanga upya kila mkato ufuate mdundo.

Anayeniudhi zaidi ni yule wa "nifanyie bure, nitakutangazia." Kutangaza anatangaza kweli, ila wanaokuja wote wameshaambiwa ni bure. Siku hizi naandika kabisa: bei ni ya kazi, marekebisho mwisho mara mbili, nusu ya malipo kabla sijafungua hata picha moja. Eti naringa. Waseme.