Mhandisi Anapohamia Darasani: Njia Fupi au Ndefu?

Aliyefanya kazi ya uhandisi, uhasibu au maabara miaka mingi, akitaka kuwa mwalimu wa hisabati au sayansi mwenye leseni, aghalabu hukutana na njia mbili. Moja ni kurudi chuoni, mara nyingi kwa mwaka mmoja, asome ufundishaji na kufanya mazoezi chini ya mwalimu mlezi. Nyingine ni kukabidhiwa darasa na mshahara papo hapo, masomo ya ualimu yafuate jioni na wakati wa likizo. Jimbo la New Jersey, Marekani, lilifungua njia hii ya pili katikati ya miaka ya 1980, na majimbo mengi yakafuata.

Wanaoitetea njia fupi hawabahatishi. Mwenye watoto na mkopo wa nyumba hawezi kukaa mwaka mzima bila kipato, na walimu wa fizikia na hisabati ni adimu. Tena anakuja na jibu la swali ambalo kila mwanafunzi huuliza: hii itanifaa nini? Aliyewahi kukokotoa mwinamo wa paa ana la kusema kuhusu tanjenti.

Lakini kujua somo ni jambo moja na kulifundisha ni jingine. Mtafiti wa elimu Lee Shulman alilieleza vizuri mwaka 1986: mwalimu anahitaji maarifa ya jinsi anayejifunza anavyolielewa somo, na anavyolielewa vibaya. Chukua mwanafunzi aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mgeni wa darasa hurudia kanuni: tafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani 6. Mwanafunzi ananakili, na kesho analeta 2/5 ileile. Mwalimu aliyefunzwa humuuliza: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Hapo mtoto anashtuka mwenyewe kwamba ameongeza kitu juu ya nusu na jibu likapungua. Swali kama hilo halipatikani kwa kuwa hodari wa kalkulasi.

Kuna pia yale ambayo hutayaona mpaka mtu akutazame. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, aligundua kwamba walimu, wakishauliza swali, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Unahitaji mtu aketi nyuma ya darasa akihesabu sekunde zako.

Maabara nayo huwaumbua wengi, hata wakemia. Kipindi ni dakika 40, wanafunzi 40, vikundi 10. Toa dakika 5 za maelekezo, 6 za kugawa vifaa, 8 za kuosha na kurudisha: zimebaki 21. Aliyezoea kushinda na jaribio moja asubuhi nzima hupanga la dakika 40, na kengele hulia bureti, ile mirija ya kupimia kimiminika, zikiwa bado zimejaa. Kumimina asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, analijua; asichozoea ni kuizimua yote kabla wanafunzi hawajaingia.

Njia yoyote utakayochagua, usiandike barua ya kuacha kazi kabla mamlaka ya leseni haijapitia matokeo yako ya chuo na kukujibu kwa maandishi. Hapa ndipo wengi hukwama: mhandisi anaambiwa kozi zake za hisabati hazitoshi, au mtaalamu wa baiokemia anahesabiwa kuwa wa biolojia wakati alitaka kufundisha kemia. Uliza pia kama miaka yako ya kazi itatambuliwa kwenye ngazi ya mshahara. Pengine utaanzia chini kabisa.

Kwa maoni yangu njia fupi inakubalika kwa masharti mawili. Vipindi vya mwaka wa kwanza vipunguzwe, na mlezi awe wa somo lilelile, mwenye nafasi kwenye ratiba ya kuingia darasani mwako kila wiki. Mlezi wa historia atakusaidia kutuliza kelele, ila ile 2/5 itampita. Shule ikishindwa kukutajia mlezi huyo kabla hujasaini mkataba, tafuta shule nyingine au chukua mwaka wa chuo, hata kama itabidi kwanza uweke akiba.