Jaja hahitaji kitanda cha umeme, anahitaji mtu wa usiku

Mjukuu aliye Uingereza akipigiwa simu kwamba jaja, yaani bibi au babu, kapooza upande mmoja, kwa kawaida humjia mawazo mawili: amlete huku, au amnunulie kitanda cha hospitali. Yote mawili yanakula pesa, na yote mawili yanaacha tatizo lilipo. Tatizo la nyumbani Uganda, iwe ni Bombo, Jinja au Arua, ni saa nane usiku, wakati wote wamelala na jaja yuko ubavu uleule aliolazwa saa mbili.

Huku mgonjwa anatunzwa kwa ratiba. Mhudumu anafika nyumbani hadi mara nne kwa siku, nusu saa au hata dakika 15, na haondoki kabla ya kujaza daftari: kageuzwa lini, kanywa kiasi gani, kaenda haja au bado. Mashine ya kuinulia inataka watu wawili, basi wanakuja wawili. Mlango ukifungwa, bibi anabaki na televisheni. Makao ya wazee nayo mara nyingi hupita pauni 1,000 kwa wiki, na katika England mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia. Mambo mengine hata hayamo kwenye daftari lao. Jaja Mwislamu anapanguswa kwa vitambaa vya pakiti wakati anataka maji ya birika, na hakuna anayejua kwamba jiwe safi pale kando ya kitanda ni la kutayamamia, yaani kujitwaharisha bila maji. Kumleta huku ni kumpa vifaa na kumnyang'anya watu, na kwangu hiyo si biashara nzuri.

Nyumbani watu wapo, tena tele. Ila uliza, "Jaja kageuzwa?" utajibiwa, "Nadhani shangazi alimgeuza." Hiyo "nadhani" ndiyo inayoleta vidonda. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na kwa mgonjwa dhaifu aliyelowa mkojo madhara huanza ndani ya saa chache. Ageuzwe kila baada ya saa mbili: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, saa ikiandikwa kwenye karatasi ukutani. Asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja; aegemezwe kidogo tu, mto mgongoni, mwingine kati ya magoti. Mto wa tatu uwekwe chini ya misuli ya miguu ili visigino vielee. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au ngumu kuliko jirani yake. Sehemu hiyo isichuliwe, na wale wanaomkalisha juu ya tyubu ya gari waache, kwa sababu duara lile hubana damu pembeni mwa kidonda.

Kosa jingine ni kumvuta kwa kwapa. Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishika, linachomoka. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili washike kingo, wamwinue bila kumburuta. Chini ya shuka hilo kaveera safi, yaani mfuko wa plastiki, inaokoa godoro, mradi isiguse ngozi.

Chakula kinaua kimyakimya. Baada ya kiharusi, chai nyepesi hupenya kwenye njia ya hewa haraka kuliko uji mzito, na matokeo yake ni homa ya mapafu. Akae wima, kijiko cha chai na si cha mchuzi, ameze kabla ya kingine, na shavu la upande dhaifu likaguliwe kwa kidole maana matooke hujificha humo. Asilazwe kabla ya nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, simamisheni kulisha, mwiteni nesi.

Pesa sasa. Za serikali kwa wazee wa miaka 80 na kuendelea ni shilingi 25,000 kwa mwezi, hazifiki mbali. Sisi tunaotuma, tulipe kwanza mtu wa usiku, mwanamke ambaye jaja mwenyewe anamkubali, na alipwe kwa mwezi kama kazi nyingine yoyote. Pili, dawa za presha zinunuliwe hukohuko. Dawa za begi la msafiri huisha msafiri akiahirisha, na presha haimngoji mtu uwanja wa ndege wa Entebbe.

Uganda si nyuma kwa kila kitu. Ugonjwa ukiwa saratani, mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, hutengenezwa nchini na kutolewa bure. Hospice Africa Uganda, shirika la kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiopona, ilianza kazi 1993, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kumwandikia mgonjwa mofini. Hutolewa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Familia zinazoisubiri "mpaka mwisho" zinamtesa mzee bure.

Na mikono yake isisahauliwe. Jaja aliyesuka mikeka maisha yake yote hawezi kutengeneza ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, kwa mkono mmoja, lakini bado anaweza kuchagua chane, yaani vipande vya majani, zenye upana sawa, kupanga rangi, na kumgombeza mjukuu anayelegeza mwanzo, kwa sababu ukili uliolegea hupinda na mkeka wake haulali. Chane zifunikwe kwa kitambaa kibichi kwanza, zikiwa kavu huvunjika. Mkono uliopooza uwekwe palepale juu ya kazi, auone, asije akausahau. Huku wangemletea bingo.

Mkipiga simu ya video, msiishie kwenye uso. Uso hupanguswa na kupakwa mafuta kabla ya simu. Ombeni kuona visigino na ile karatasi ya ukutani, na ikiwa saa zote zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kuanzia asubuhi hadi alfajiri, ulizeni ni nani aliyekesha.