Tingatinga: wanamkopi nani hasa?

Watu wanabishana sana eti wachoraji wa Dar wanakopi tu kazi za marehemu Edward Saidi Tingatinga, yule aliyeanzisha mtindo wa picha unaoitwa kwa jina lake, na mimi nilikuwa upande huo kabisa mpaka nilipokaa nikaziangalia picha zake mwenyewe. Jamaa katoka Tunduru, kaja Dar kutafuta maisha, kaanza kuchora 1968, 1972 kafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Miaka minne tu! Na picha zake nyingi ni mnyama mmoja tu, tuseme chui, kasimama peke yake kwenye kipande cha hadibodi, nyuma rangi moja basi, tena rangi ya mafuta kama ile ya kupaka milango.

Sasa nenda pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanakochora na kuuza picha hizi. Twiga wamebanana kama abiria wa Mbagala, Kilimanjaro nyuma, jua linazama, vidoti kila kona. Hayo mengi yaliongezwa na ndugu zake na wanafunzi wake, halafu wanafunzi wa wanafunzi, kwa hiyo ukisema dogo wa leo anamkopi Tingatinga niambie kwanza Tingatinga yupi.

Ila kukopi siyo dhambi jamani. Dogo hana ada ya chuo, anakaa na fundi, anapewa kujaza rangi ya nyuma, inaanikwa ikauke, akizoea anaachiwa madoa ya chui kwa ncha ya brashi, na mkono unatulia hivyo hivyo huku anapata hela ya kula. Shule gani inakupa hiyo?

Shida ni mteja. Mtalii anataka tembo na mlima, ukimchorea foleni ya hospitali anapita, na kodi ya chumba haisubiri, basi mtu anachora tembo yule yule miaka ishirini.

Wanaomtetea mzee Tingatinga watakutajia George Lilanga, mchongaji aliyeingia kwenye uchoraji, kuonyesha kwamba mtu anaweza asikopi: alitumia rangi na hadibodi za aina ile ile ila akajaza mashetani ya Kimakonde, masikio makubwa, matumbo nje, wanacheza wanabishana. Sawa, ila Lilanga alikuja na uchongaji wake tayari mkononi, dogo aliyeanzia kwenye twiga hana hiyo akiba. Kwake mimi naona bora hata amkopi mzee mwenyewe, yule chui mmoja na ule uwazi wote pembeni, kuliko kumkopi jirani wa kibanda cha pili.