Annie naye alikuwa mfugaji

Ukiwasikiliza wafugaji wa jimbo la Nevada, Marekani, wakiwalalamikia farasi-mwitu, utadhani wanaowatetea ni watu wa mjini wasiowahi kukanyaga samadi. Lakini mtetezi wao mashuhuri, Velma Johnston, alikuwa na ranchi, yeye na mumewe, nje ya mji wa Reno. Mchana alikuwa katibu muhtasi mjini. Asubuhi moja ya mwaka 1950, akienda kazini, aliona damu ikichuruzika kutoka kwenye lori lililokuwa mbele yake. Akalifuata hadi machinjioni. Farasi walikuwa wamesongamana humo, mtoto wao mmoja akikanyagwa kwa kwato. Enzi hizo walifukuzwa nyikani kwa ndege, nyama ikaishia kuwa chakula cha mbwa.

Wapinzani walimwita Velma kwa kejeli Wild Horse Annie, yaani Annie wa farasi-mwitu; jina akalivaa. Sheria ya 1959 ikakataza kuwasaka kwa ndege na magari, na ile ya 1971, watoto wa shule wakiwa wamelimiminia Bunge barua, ikawapa ulinzi wa serikali.

Wanaowapinga farasi hao wana hoja nzito. Wanyama wa kuwala ni wachache, hivyo kundi huweza kuongezeka maradufu kwa miaka minne au mitano. Serikali inasema nyika yao inatosha wanyama 26,000 hivi, pamoja na punda. Mwaka 2020 walikadiriwa kupita 95,000. Kisima kikikauka, anayeumia kwanza ni farasi mwenyewe.

Lakini mimi kuna namba hainitoki kichwani: dola 1.35. Hiyo ndiyo ada ya mwaka 2024 ya kulisha ng'ombe na ndama wake mwezi mzima kwenye ardhi ya umma. Ukiigawa kwa siku, haifiki senti tano. Kwenye shamba la mtu binafsi ingekuwa zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Ni kweli, mfugaji hujigharimia mengine, uzio na maji vikiwemo. Ila ng'ombe wamefunguliwa ekari zipatazo milioni 155, farasi takriban ekari milioni 26 tu, na sehemu kubwa ya hizo wanakula pamoja na ng'ombe haohao. Halafu nyika ikichakaa, anayefukuzwa kwanza ni farasi! Zaidi ya 60,000 waliokwisha kuondolewa wanalishwa kwenye mazizi na malisho ya kukodi, na mwaka 2023 walipa kodi walitoa zaidi ya dola milioni 100 kuwatunza.

Hata sheria ya 1971 aliyoipigania Annie iliruhusu kuwapunguza wakizidi. Ugomvi ni namna ya kuwapunguza. Mwaka 1976 Bunge liliruhusu helikopta zirudi; mwaka uliofuata Annie akafariki. Njia nyingine ipo: chanjo ya kuzuia mimba, inayorushwa kwa bunduki ya sindano. Inachosha, maana aina mojawapo inayotumika hurudiwa kila mwaka, na inataka mtu anayemtambua kila jike kwa baka la usoni.