Sifuri ya Takada

Nilikuwa mwanafunzi Joetsu, mkoa wa Niigata, upande wa Japani unaotazamana na Siberia. Mwalimu wangu alinipa kazi iliyoonekana rahisi: kuna ubao mweupe nyuma ya nyumba, theluji ianguke juu yake, upime kina kwa rula, uufute, usubiri tena.

Na theluji ya kupima ilikuwepo. Mwaka 1945 hapo Takada, sehemu ya Joetsu, ilipimwa ikiwa na kina cha sentimita 377. Lawama zote ni za bahari. Hewa kavu ya Siberia inavuka Bahari ya Japani, ambako mkondo wa maji ya bahari uitwao Tsushima una joto lake. Inakunywa mvuke mpaka inalewa, inajigonga milimani, inalazimika kupanda, na huko juu inatapika yote. Upepo ukiwa mkali, wa milimani ndio wanaokoma. Ukilegea, ni zamu yetu wa bondeni.

Usiku mmoja ulilegea. Asubuhi mlango haukufunguka, nikatokea dirishani. Theluji ilinifika kiunoni. Nikapiga mbizi hadi kwenye ubao na kuukuta mweupe pe, mkavu, hauna hata chembe.

Kazi ya vipimo ni kuandika unachokiona. Nikaandika: sifuri.

Mwalimu akapiga simu. "Rada inaonyesha mawingu yamekaa juu ya paa lako usiku kucha. Hiyo sifuri umeitoa wapi?"

Kesho yake, sifuri. Keshokutwa, sifuri. Sasa mwalimu akaacha kufoka, akaanza kufurahi, jambo lililonitisha zaidi. Alihisi tumegundua kitu. Tukachora mishale ya upepo unaozunguka kona ya nyumba na kupeperusha theluji ya ubaoni peke yake. Ulikuwa mchoro mzuri sana, wenye rangi tatu.

Nikaamua kukesha dirishani nimshuhudie huyo upepo. Alfajiri ukaja. Ulikuwa umevaa buti za mpira na kofia ya sufu, mkononi una koleo.

Mzee jirani!

Akauparaza ubao taratibu, akamalizia kwa ufagio, akageuka kwenda zake. Nikamkimbilia na soksi.

"Shikamoo, Mzee! Unafanya nini?"

"Kijana, nyie wageni hamjui," akasema kwa huruma. Mitaa ile ina mitaro ya maji yanayotiririka, watu humwagia humo theluji, na kila tundu lina kifuniko chake. Kifuniko kikifukiwa, mtu hajui pa kumwagia, au anatumbukia. Mzee alikuwa ameuona ubao wangu akajua ni kifuniko, na mwenyewe mzembe.

Nikamweleza kwa Kijapani changu cha kuungaunga: hiki si kifuniko, hapa tunakusanya theluji, tunataka kujua ni nyingi kiasi gani. Akasikitika mno. Akaomba radhi mpaka nami nikaanza kumwomba radhi, tukawa tunapokezana pale gizani, miguu yangu imekufa ganzi.

Asubuhi iliyofuata anga lilikuwa jeupe, nyota zimelala, usiku mzima haikudondoka theluji. Nikatoka na rula yangu. Juu ya ubao palisimama mlima unaonipita urefu, umepigwapigwa kwa koleo pande zote ukanyooka. Mzee alikuwa juu ya paa lake, lililobaki tupu, ananipungia mkono.

"Nimekuletea yote!"

Simu ikaanza kuita mfukoni.