Orodha ya wenye silaha: tujue nani anaifungua

Anayetaka kumiliki bunduki kihalali hapa Dodoma huanza kwa kupita mbele ya watu. Maombi yake yanapitia serikali ya mtaa au kijiji, kata, polisi wa wilaya na kamati ya usalama, kisha yanapanda hadi kwa msajili wa silaha. Kwenye ofisi ya mtaa, mara nyingi jina lake linaandikwa kwanza kwenye kaunta buku iliyofunguliwa mezani, mbele ya benchi walikokaa wananchi wengine wanaosubiri barua ya utambulisho na muhuri. Leseni inapotoka, wapo watu kadhaa wasio polisi wanaojua kwamba nyumba ya fulani ina silaha. Mjadala wa faragha ya wamiliki hukimbilia kompyuta za serikali na kuiruka meza hii, nami nadhani hapo tunakosea.

Hoja za serikali kutunza kumbukumbu ni nzito. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inaitaka kila nchi ya ukanda huu isajili mahali pamoja silaha ndogo zote zilizo mikononi mwa raia wake. Sababu yake inaonekana wazi huku kwetu. Bunduki ikiokotwa porini Manyoni, jirani na mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo, karibu na mzoga wa tembo, mpelelezi asiye na kumbukumbu anabaki na chuma chenye namba isiyo na mwenyewe. Mzee mwenye shotigani akifariki, bila kumbukumbu hakuna atakayefuatilia kama imerudishwa polisi au imeishia mvunguni kwa mpwa wake. Sioni namna ya kudhibiti silaha bila kujua iko kwa nani, na anayedai orodha ifutwe kabisa kwa jina la faragha simwelewi.

Lakini wanaoogopa orodha hizi nao wana mifano ya kutosha. Juni 2022, idara ya sheria ya jimbo la California nchini Marekani ilifungua ukurasa wa takwimu za silaha, na kwa uzembe ikaacha wazi majina, tarehe za kuzaliwa na anwani za watu wapatao 192,000 walioomba kibali cha kubeba silaha iliyofichwa. New Zealand ilipokuwa ikinunua silaha kutoka kwa raia baada ya mauaji ya Christchurch ya Machi 2019, mfumo wake ulizimwa Desemba mwaka huohuo kwa sababu wauza silaha waliweza kuona taarifa za watu wasiowahusu. Hakuna mdukuzi aliyehitajika kokote kati ya hizo nchi mbili. Mtu alipewa ruhusa isiyo yake, au mpangilio fulani haukukaguliwa, basi.

Bunduki ni mali inayotafutwa na majambazi kuliko televisheni, na anayejua iko nyumba gani anajua pia aende saa ngapi mwenyewe akiwa kazini. Ila uzito wa taarifa hiyo haulingani kila mahali. Katika vijiji vya Chemba au Bahi, mwenye gobore halali anajulikana na kila mtu, na ndiye anayeitwa usiku fisi wakivamia zizi. Kwake siri haipo, na pengine kujulikana ndiko kunakomlinda. Iyumbu au Kisasa, mjini Dodoma, hali ni nyingine. Watumishi wamehamia kutoka kila mkoa, kila mmoja na ukuta wake, na wapangaji wa nyumba moja wanaweza kumaliza mwaka bila kujuana majina. Huko, karatasi moja ikitoka ofisini inatoa kitu ambacho jirani hakuwa nacho. Sheria moja inawahudumia watu hawa wawili, na mimi namhofia zaidi huyu wa mjini.

Kuna mtu wa tatu anayesahaulika: mke. Mwanamke anayetishiwa na mumewe ana haki gani ya kujua kama mume ameongeza bastola nyingine? Faragha ya mmiliki ikiwa kamili, huyu anaachwa gizani ndani ya nyumba yake. Kwangu mimi, hapa faragha inapaswa kuinama. Asipewe orodha, lakini akifika dawati la jinsia na kulalamika, polisi waifungue, wajue, na wachukue hatua kabla ya risasi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetupa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wajibu wa kuiarifu taarifa zinapovuja. Ni hatua kubwa. Hata hivyo sheria hiyo inatoa msamaha kwa masuala ya usalama wa taifa na ya kuzuia uhalifu, na ni rahisi kudai kwamba kila kinachohusu bunduki kiko humo. Msamaha huo unaeleweka polisi wanapofuatilia kesi. Hauwezi kumfunika karani aliyefungua faili la jirani yake kwa udadisi tu.

Kwa hiyo natetea mfumo wa kompyuta, hata baada ya California. Kaunta buku haisemi nani ameisoma. Kompyuta inaweza kusema, ikiwa kila afisa anaingia kwa jina lake na kila ufunguzi unabaki umeandikwa, tarehe na saa. Maombi yakishafika wilayani, nakala za mtaani zifungiwe au ziharibiwe kwa utaratibu unaojulikana, na mtendaji asibaki na orodha yake. Na mmiliki aliyejaza fomu Kongwa au Kondoa aweze kuuliza taarifa zake zimefunguliwa na ofisi zipi mwaka huu, akajibiwa kwa maandishi. Pale upelelezi unapoendelea, jina la mpelelezi lifichwe. Lakini mwanasheria wa serikali akija na hoja kwamba hata ofisi na tarehe ni siri, atuambie anamlinda nani.