Video Mliyoiona Imekatwa

Video mliyoiona imekatwa. Naanza na hilo kwa sababu tangu jana jioni simu yangu haijapumua, na kila anayepiga anacheka kwanza ndipo anasalimia. Ndiyo, yule aliyetokeza dirishani kama kobe ni mimi. Ndiyo, lile ni dirisha la kile chumba cha chini nilichowaringishia miezi minne. Ila shemeji yangu, mpiga picha wenu hodari, amewapa sekunde 38 tu, na hizo sekunde 38 amezichagua kwa uangalifu mkubwa sana.

Ngojeni niwape iliyobaki.

Chumba chenyewe mnakijua. Kilikuwa stoo ya chini ya nyumba: baiskeli isiyo na cheni, makopo ya rangi iliyoganda, harufu ya nguo zilizoanikwa siku ya mvua. Nikasema hapa ndipo mtu mzima atakapopumzika. Projekta, skrini ukutani, spika za maana, kochi, na mlango unaofungwa. Nikakibatiza Ikulu Ndogo. Na ieleweke kwamba kazi ngumu nilizifanya vizuri. Kabla ya kutandika zulia nilibandika kipande cha nailoni sakafuni, nikaziba pande zote nne kwa utepe, nikakiacha siku mbili. Ukikibandua ukakuta matone upande wa chini, ujue unyevu unapanda kutoka ardhini kupitia zege, na zulia lako litaota ukungu. Nilikuta matone. Nikapaka dawa ya kuzuia maji, nikapima tena, pakavu. Nilipima umbali wa projekta na skrini. Nilipima hata kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Kochi lenyewe nililipima, urefu sm 215, nikapima na ukuta litakapokaa: linaingia na nafasi inabaki.

Njia ya kulifikisha kwenye huo ukuta sikuipima.

Chekeni sasa hivi mmalize, maana mbele huko kuna mengine.

Kwenye sauti ndipo nilipojidanganya zaidi. Nilibandika trei za mayai kuta zote, kwa kuwa kila mtu anasema zinazuia sauti. Hazizuii. Zinapunguza mwangwi kidogo mle mle ndani, basi. Sauti inazuiwa na vitu vizito na kwa kuziba nyufa, na mlango wangu wa juu una uwazi chini yake ambao kiganja kinapita. Haya nimeyajua jana. Kabla ya jana niliamini kwamba nikishazishuka zile ngazi nimehama dunia, naweza kusema lolote.

Hilo la kusema lolote, liwekeni pembeni tutalirudia.

Jana, basi. Mama mkwe alikuwa anakuja kukaa wiki moja, afike saa kumi na moja jioni. Mimi na shemeji (ni mwanawe wa kumzaa, na hilo pia liwekeni pembeni) tukapanga kufikia saa tisa kochi liwe limeshashuka. Yeye juu, mimi chini, kwa sababu wa chini ndiye anayebeba uzito na kochi ni langu. Ngazi zile zinashuka hatua saba, zinakata kona, zinashuka nyingine tano. Zile saba tulikwenda kama maji. Kwenye kona kochi likaegemea ukuta, mgongo wake ukagusa dari, miguu ikang'ang'ania reli. Tukasukuma, likalia. Tukavuta, likanyamaza. Kile kimya chake nilikiogopa kuliko kilio.

"Shem, umelishika?"

"Sijalishika. Limejishika lenyewe."

Mimi upande wa chini. Mlango wa pekee wa Ikulu upande wa juu. Katikati yetu kochi la watu watatu, limesimama kama askari wa getini ambaye hajaambiwa kuhusu ujio wako.

Mtu mwenye akili angekwenda kutafuta bisibisi. Shemeji alikaa kwenye ngazi akatoa simu.

"Shem, sikiliza hapa. Kumbe hili ni tatizo la hisabati kabisa! Mwaka 1966 bwana mmoja anaitwa Leo Moser aliuliza: kwenye ujia wenye upana wa mita moja, kochi gani kubwa kuliko yote linaweza kukata kona?"

"Jibu?"

"Subiri... Mwaka 1992 Joseph Gerver akachora moja, mita za mraba 2.2195. Lina umbo kama ule mkono wa simu ya mezani. Halafu 2024 huyu mwingine, Jineon Baek, ameandika kurasa zaidi ya 100 kuthibitisha kwamba halipatikani kubwa zaidi ya hilo."

"Na letu?"

"Letu halina umbo la mkono wa simu, shem."

Sasa hapa ndipo mkasi wa mpiga picha wenu ulipopita. Nilikuwa nimekaa ngazi ya mwisho, jasho linaingia machoni, nikasema, tena kwa sauti, kwa sababu kochi lilikuwa kati yetu na trei za mayai zilikuwa zinanilinda: "Mimi hiki chumba nimekijenga ili mama akija nipate pa kujificha, sasa nimejificha hata hajafika!"

Shemeji akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akasema ya kwake. Ya kwake ilikuwa ndefu kuliko yangu. Ilikuwa na mifano, na kuna mahali aliiga sauti.

Twendeni dirishani, ndiko mnakokusubiri.

Dirisha lile kwa ndani liko juu ukutani, kwa nje liko sawasawa na ardhi. Kimo chake sm 38. Nilivuta meza, nikapanda, nikatanguliza mikono kama mpiga mbizi. Kichwa kikapita. Mabega nikayapitisha moja baada ya jingine, kama mtu anayeingiza sanduku kwenye basi lililojaa. Kifua nikakitoa pumzi zote, kikapita. Nikaona nimeshinda. Nikavuta pumzi ya kushangilia.

Usivute pumzi. Ukiwa nusu ndani nusu nje, fanya yote mengine, pumzi usivute.

Tumbo likajaa kwenye fremu kama unga uliovimba kwenye sufuria ndogo. Nikajaribu kurudi, mbavu zikagoma. Nikajaribu kusonga, kiuno kikagoma. Miguu huko nyuma ikawa inaitafuta meza, na meza nilikuwa nimeshaipiga teke, niliisikia inavyoanguka. Sm chache mbele ya pua yangu alikuwa anapita sisimizi na kipande cha jani kikubwa mara tatu yake. Akafika kwenye jiwe, akakizungusha kile kipande, akakata kona, akaenda zake. Nilimwangalia mpaka akapotea majanini. Sijawahi kumwonea mtu wivu kiasi kile.

Na wakati huo huo, kwa ndani, nikahisi kitu cha baridi kinaingia taratibu kwenye mpira wa bukta. Kikomeo cha dirisha.

Shemeji akatokea. Amezunguka nyumba yote anakimbia, nikajua amekuja kunivuta. Akachuchumaa. Akatoa simu.

"Shem, sikiliza hapa. Kanuni za ujenzi wa nyumba kule Marekani zinataka dirisha la kutokea dharura kutoka chumba cha chini liwe na uwazi wa kimo sm 61 na upana sm 51, kwa uchache. La kwako kimo ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Ndiyo maana sasa."

Kisha akaigeuza simu, na mimi nikiwa bado namwomba kwa jina la watoto wangu, akaanza kurekodi. Sekunde ya kwanza ya zile 38.

Msiojua mnadhani nilipiga kelele kwa sababu ya maumivu. Sikuwa na maumivu. Nilikuwa nimeona viatu.

Vilitokea upande wa kushoto, vyeusi, vya kufunga kamba, kamba ya kushoto imefungwa fundo mara mbili. Havikuwa na haraka. Vilikanyaga majani, vikasimama, vikakanyaga tena. Viatu vile navijua kuliko vyangu, maana ndivyo ninavyovitazama kila nikizungumza na mwenye navyo, kwa heshima. Ilikuwa saa tisa na nusu. Saa kumi na moja ilikuwa bado iko mbali, kaa huko! Vikaja mpaka mbele ya uso wangu vikasimama, ncha zikinielekea.

Ningefanya nini? Kusimama siwezi. Kuufunika uso siwezi, mikono iko mbele imenyooka na viwiko vimebanwa. Kujifanya nimelala nilifikiria, kwa kweli nilifikiria. Nikainua shingo nikaona soksi. Zaidi ya soksi shingo ilikataa. Nikaziambia soksi:

"Shikamoo, mama."

Wazee wanasema asili ya neno hili ni kushika miguu. Miaka 11 ya ndoa nimemwamkia kwa neno hilo nikiwa wima, kwa mazoea, wakati mwingine naangalia simu. Jana vidole vyangu vilikuwa vimelala majanini, sm kumi kutoka vifundoni mwake. Ningejinyoosha kidogo ningeshika kweli. Tena, Mungu anisamehe, kuna nusu sekunde niliyowaza kwamba nikimshika anaweza kunivuta.

Kimya. Shemeji anatetemeka kwa kicheko na ndiyo maana picha inacheza pale.

"Marahaba, baba," viatu vikajibu.

Video yenu inaishia hapo. Mmecheka, mmetumiana, kuna mmoja ameitengenezea stika (nimekuona). Hamkujiuliza kwa nini inaishia hapo. Inaishia hapo kwa sababu sekunde iliyofuata mama alichuchumaa, nikauona uso wake kwa mara ya kwanza, akaniuliza polepole kama anayeuliza habari za kazi:

"Kwa hiyo huku ndiko unakojificha nikija?"

Sikujibu. Hata ningekuwa na jibu, pumzi ya kulitolea sikuwa nayo.

Halafu vile viatu vikageuka. Vyote viwili, ncha zikamwelekea shemeji.

"Na wewe mwanangu, hebu iige tena ile sauti. Nilikuwa mlangoni, mwisho sikuusikia vizuri."

Hapo ndipo simu ilipozimwa. Sasa mnajua.

Yaliyofuata si ya kusimulia sana. Mke wangu akaja na sabuni ya vyombo, akanimiminia kiunoni bila kuniuliza chochote, na sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi, baridi ya ile sabuni au hilo la kutoniuliza. Shemeji mkono mmoja, mke wangu mwingine, wakahesabu moja mbili. Nilitoka. Bukta haikutoka. Wakanizungushia pazia zito jeusi nililonunulia Ikulu ili mwanga usiingie, na nathibitisha kwamba kweli haupitishi kitu. Aliyeandika kwamba nilikuwa nimevaa joho, halikuwa joho.

Mama akaingia ndani, akasimama juu ya ngazi akalitazama kochi kama dakika moja, akauliza, "Hii miguu haifunguki?"

Inafunguka. Inafunguka kwa mkono, unaizungusha tu kama kifuniko cha chupa, hata bisibisi haitaki. Dakika nne kochi lilikuwa chini. Shemeji alilibeba peke yake upande wa chini na hakusoma chochote kwenye simu.

Sasa nasikia kwenye kundi anaendelea kusema kwamba hakusema kitu, kwamba ni mimi peke yangu niliyemsema mama, kwamba eti namsingizia nipate mwenzangu wa aibu. Sawa. Yale maneno yake mimi sitayaandika, nina adabu zangu zilizobaki.

Ila kuna kitu shemeji hakijui. Mama alipofika jana aliingia kwa mlango wa jikoni, akaukuta mgongo wa mwanawe kwenye ngazi, amebeba kochi, akafurahi. Akatoa simu yake arekodi kimya kimya, awaonyeshe wanawe wengine jinsi mdogo wao anavyosaidia watu. Akarekodi dakika 6 na sekunde 11, kisha akatoka nje polepole kama alivyoingia, akakaa barazani. Leo Moser yumo. Kauli yangu imo, sikatai. Na baada ya kauli yangu kuna dakika mbili na nusu za shemeji, sauti safi kabisa, pamoja na ile aliyoiiga.

Leo asubuhi mama amenijia Ikulu na miwani yake. Akakaa kwenye kochi, akanipa simu.

"Baba, hebu nionyeshe. Hii ikiwa ndefu namna hii, inatumwaje kwenye kundi la ukoo?"

Nikamsogelea, nikamwonyesha taratibu, hatua kwa hatua.